Shoka, Ufagio na Udongo wa Mumirwa

Mutakura haina msitu. Ni mtaa wa nyumba zilizobanana katika zone ya Cibitoke, kaskazini mwa Bujumbura, kwenye tambarare ya Imbo, na miti yake ni miembe na mipapai ya uani. Hata hivyo kila jioni imbabura, yaani majiko ya makaa, zinapowashwa, mtaa huu unateketeza msitu wa mahali pengine. Makaa yake yanashuka kutoka milima ya Mumirwa na nyanda za juu za Mugamba, mengine kwa malori, mengine kwa baiskeli za wale vijana wanaoteremka barabara ya Bugarama na mzigo uliowazidi kimo, kisha wakapanda tena kwa kujishikiza nyuma ya lori. Makaa mengi kati ya hayo ni ya mkaratusi. Kuni na makaa ndiyo zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za nishati ya Burundi, na msitu wa asili uliobaki, Kibira ukiwa ndio mkubwa, hauwezi wala hauruhusiwi kubeba mzigo huo. Mji unapikia miti iliyopandwa.

Sasa tukiacha jikoni tukapanda mlima: kile kipande cha ardhi kilichopandwa mkaratusi, kikakatwa, kikachipua, kikakatwa tena mara tatu au nne, udongo wake unabaki na kaboni na naitrojeni nyingi kuliko mwanzo, au pungufu? Jibu ndilo litakaloamua kama mwenye shamba ataweza siku moja kurudisha maharage pale, kama mvua ya Aprili itazama ardhini au itashuka na tope hadi mtoni, na kama zile fedha za kaboni zinazotajwa kwenye semina zina kitu cha kushikika nyuma yake.

Kambi mbili zinabishana, na zimebishana tangu mti huu ulipoletwa enzi za ukoloni. Mabwana misitu wanasema mti huponya ardhi. Wakulima wanasema mkaratusi unamaliza udongo. Nchini Kenya ubishi huo ulifika serikalini mwaka 2009, waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, alipoagiza mikaratusi ing'olewe kandokando ya mito. Ile ilikuwa hoja ya maji, nayo ina ukweli wake. Hoja ya kaboni na naitrojeni ni nyingine, na humo kila kambi imeshika kipande cha ukweli kilichokatwa kwenye shamba lake yenyewe. Kabla ya kuzipatanisha, inafaa kujua kinachopimwa.

Kaboni ndiyo mwili wa mboji. Kanuni ya zamani ya maabara huhesabu kwamba asilimia 58 ya mboji ni kaboni. Naitrojeni ndiyo inayoruhusu mwili huo ujengeke na ukae. Katika udongo wa kawaida wa shamba utakuta sehemu 10 hadi 12 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Majani makavu ya mkaratusi yana sehemu 50 za kaboni au zaidi kwa moja ya naitrojeni, na ubao wake una mamia. Bakteria na kuvu wanaoyaozesha wanahitaji chakula chenye naitrojeni kuliko hicho, kwa hiyo wanachota pungufu yao kwenye udongo wenyewe. Kwa miezi kadhaa mmea wa jirani unakosa. Mahindi yaliyo pembeni mwa mikaratusi yakigeuka manjano, kiu na kivuli vimechangia, lakini na hili limo. Mkulima anayesema mti unakula udongo ameona sawasawa, hata kama hakutaja bakteria.

Chukua hekta moja ya udongo wa wastani, sentimita 30 za juu, yenye kaboni asilimia 2, na kila sentimita ya ujazo ikiwa na uzito wa gramu 1.2. Hesabu inatoa tani 72 za kaboni. Kwa uwiano wa 12 kwa 1, naitrojeni yake ni tani 6, sawa na mifuko 260 ya urea ya kilo 50. Utajiri huo umefungiwa. Kila mwaka mboji inaachia asilimia 1 hadi 3 tu ya naitrojeni yake, yaani kati ya kilo 60 na 180, na hapo ndipo mti, maharage na magugu wanapogombania. Udongo unaweza kuwa na tani sita na mmea ukafa njaa.

Hesabu nyepesi kama hii inadanganya kirahisi ukikosea kupima. Anayetaka kujua kaboni ya shamba hachoti udongo kwa jembe akaufunga kwenye mfuko wa plastiki. Anachimba shimo, anapigilia pete ya chuma ya ujazo unaojulikana, mara nyingi sentimita 100 za ujazo, anakausha kwa nyuzi 105, anapima uzito, kisha udongo mwingine unapitishwa kwenye chekeche ya milimita 2. Pete ndiyo inayosahauliwa. Chini ya mikaratusi, palipokanyagwa na wakataji, udongo hushindiliwa, na ukipima hadi kina kilekile unakuwa umechota udongo mzito zaidi, ukadhani kaboni imeongezeka kumbe umepima udongo mwingi. Naitrojeni bado inapimwa katika maabara nyingi za Afrika kwa mbinu ya Johan Kjeldahl ya mwaka 1883, iliyozaliwa katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen, alipokuwa akitafuta protini katika nafaka za bia. Bujumbura, mji unaojua bia yake, usingekosa kufurahia nasaba hiyo.

Dunia imeshakusanya vipimo vya kutosha kutoa jibu la jumla. Mwaka 2002 Guo na Gifford waliweka pamoja tafiti nyingi za mabadiliko ya matumizi ya ardhi. Msitu wa asili ukigeuzwa shamba la miti, kaboni ya udongo ilishuka kwa wastani wa asilimia 13. Malisho yakigeuzwa shamba la miti, ilishuka asilimia 10. Lakini shamba la mazao likipandwa miti, ilipanda asilimia 18. Mwaka huohuo Paul na wenzake, wakikusanya data kutoka sehemu mbalimbali za dunia, walionyesha upande wa muda: miaka mitano ya mwanzo kaboni ya udongo wa juu hupungua, kwa sababu nyasi zimeondolewa, mashimo yamechimbwa na mche bado haujaanza kudondosha kitu cha maana, kisha inarudi polepole, na kurudi huko huweza kuchukua miongo.

Ukisoma tarakimu hizo ukiwa Mumirwa, ule ubishi wa zamani unafunguka. Mikaratusi ya kikoloni, na ile ya serikali iliyopandwa kwa kasi tangu mwisho wa miaka ya 1970, sehemu yake kubwa ilikwenda kwenye migongo ya milima iliyochoshwa na ng'ombe, mahali ambapo mboji ilishakwenda na maji. Pale mti ungeweza kupandisha tu. Bwana misitu aliona hilo na alisema kweli. Kisha vita vilivyoanza mwaka 1993 vikamaliza mashamba mengi ya miti, watu wakaongezeka hadi kuzidi 400 kwa kilomita ya mraba, na mti ukashuka kutoka mgongoni mwa mlima hadi kwenye vijishamba vya watu binafsi, mpakani mwa migomba, hata pale palipokuwa na nyasi nzuri au shamba lililokuwa likipata samadi. Kwenye ardhi ya namna hiyo mkaratusi unaweza kushusha, na mkulima aliyeona hilo naye alisema kweli. Walikuwa wanasimama kwenye udongo tofauti.

Lile la muda linauma zaidi. Mkaratusi wa Mumirwa unaotakiwa kwa makaa haungojwi miaka 30. Unakatwa ukiwa na miaka mitano hadi minane, na mwenye karo ya mtoto au mgonjwa hospitalini anauuza ukiwa na minne. Kama shamba lingekuwa linang'olewa na kupandwa upya kila mara, udongo ungebaki daima katika ile miaka ya hasara. Kinachookoa ni machipukizi. Kisiki hakichimbuliwi, mizizi inabaki hai, ardhi haipinduliwi kwa jembe, na mizizi midogo inayokufa chini inaacha kaboni kwa kina ambacho kipimo cha sentimita 30 hakifiki. Kwa hili mkaratusi unastahili sifa kuliko muhogo, ambao kila ukivunwa unafukua kilima kizima.

Sasa tufike kwenye kile kinachotoka shambani. Kwa maoni yangu mabishano yote ya spishi ni madogo mbele ya jambo hili. Shamba la miti ni kama daftari la duka: ukitaka kujua faida, tazama pia safu ya vilivyotoka.

Tuanze na shoka. Ubao mkavu ni kaboni kwa karibu nusu ya uzito wake. Tanuru la udongo la mchoma makaa wa kawaida linatoa kilo 10 hadi 20 za makaa kwa kilo 100 za kuni kavu. Tushike 15. Makaa yakiwa na kaboni asilimia 80, kilo hizo 15 zina kilo 12 za kaboni, na kuni zilikuwa na kilo 50. Kilo 38 zimeondoka kwa moshi juu ya mlima kabla mfuko haujafungwa kwa nyasi mdomoni. Mfuko wa kilo 50 unaofika Mutakura umekula kuni kilo 330 na zaidi. Kaboni hiyo yote ilitoka hewani na imerudi hewani, kwa hiyo udongo haujadaiwa moja kwa moja. Naitrojeni ni habari nyingine, maana mti huu hauichukui hewani. Umeivuta kwa mizizi, kilo hadi kilo, kutoka kwenye zile tani sita.

Lakini ubao una naitrojeni kidogo mno. Tukisema asilimia 0.15, hekta iliyotoa tani 100 za kuni kavu baada ya miaka saba imepoteza kilo 150 za naitrojeni, au kilo 21 kwa mwaka. Mvua na bakteria wanaoishi huru udongoni hurudisha kilo kadhaa. Pengo linabaki, ila si la kuua shamba.

Sasa ufagio. Nenda kwenye msitu wowote wa mikaratusi ulio karibu na nyumba za watu katika Mumirwa wakati wa kiangazi, utakuta chini pamefagiliwa. Wanawake na watoto wanakusanya majani makavu, vijitawi na maganda yanayobanduka, kwa sababu makaa ni ya kuuza mjini na jani ndilo kuni ya anayeyauza. Moto wake ni mkali na mafuta yake yanawaka haraka, chungu cha maharage kinataka mzigo baada ya mzigo. Mikaratusi iliyofunga vizuri inaweza kudondosha tani 4 kwa hekta kwa mwaka. Kwa naitrojeni ya asilimia 0.8, hizo ni kilo 32 kila mwaka. Ufagio unatoa naitrojeni nyingi kuliko shoka, tena unatoa bila kupumzika. Pamoja na naitrojeni inaondoka ile kaboni ambayo ingegeuka mboji, maana mboji haitokani na gogo lililoko Mutakura, inatokana na jani lililobaki chini na mzizi uliofia ardhini.

Hizi ni hesabu za kukisia, na shamba lako litakuwa na tarakimu zake. Lakini hata ukizisukuma huku na huku, mpangilio haubadiliki sana, kwa sababu jani lina naitrojeni mara kadhaa ya ubao. Kilo 50 kwa mwaka zikitoka kwenye akiba ya tani 6 ni chini ya asilimia moja. Miaka kumi hutaona kitu kwenye karatasi ya maabara. Mkulima ataona mapema kuliko maabara, kwa sababu kinachoanza kukauka ni ile sehemu ndogo inayozunguka, si akiba iliyofungiwa.

Ushahidi wa hili haukai mbali. Kwenye mashamba makubwa ya mikaratusi ya Pointe-Noire, Kongo-Brazzaville, yaliyopandwa juu ya savana ya mchanga, watafiti wa Kikongo na Kifaransa wamelinganisha kwa miaka mingi vipande vilivyoachiwa majani, matawi na maganda baada ya kuvuna na vile vilivyosafishwa. Matokeo yanajirudia: kiasi cha mabaki yaliyoachwa chini wakati wa kupanda kinabashiri vizuri kabisa ukuaji wa miti inayofuata. Mchanga wa pale ni maskini kuliko udongo mwekundu wa Mumirwa, kwa hiyo kule pengo linaonekana katika mzunguko mmoja, huku linachukua kizazi.

Pointe-Noire imefundisha jambo la pili. Walipochanganya mkaratusi na Acacia mangium, mti ambao mizizi yake ina vinundu vya bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, baada ya miaka saba sentimita 25 za juu zilikuwa na karibu tani 18 za kaboni kwa hekta, dhidi ya karibu 16 chini ya mikaratusi mitupu. Tani mbili katika miaka saba ni kidogo. Lakini kwenye mchanga ule ni zaidi ya sehemu moja ya kumi, na mchanganyiko ulishinda hata miakasia mitupu. Huko Hawaii, kwenye mashamba ya zamani ya miwa, mchanganyiko wa mkaratusi na Albizia ulitoa picha ya namna hiyo na kuongeza neno: chini ya miti inayonasa naitrojeni, hata kaboni ya zamani iliyoachwa na miwa ilipotea polepole zaidi. Naitrojeni ikitosha, wale bakteria na kuvu hawana haja ya kuvunja mboji ya kale ili kuitafuta. Hayo ni maelezo mojawapo yanayotolewa, na kwangu yanaingia akilini.

Mfano unaofanana zaidi na wetu uko mashariki mwa Kinshasa, kwenye uwanda wa Batéké. Eneo la Mampu lilianza kupandwa Acacia auriculiformis mwaka 1987, hekta zipatazo 8,000, baadaye zikagawiwa familia kwa vipande vya hekta 25. Kila familia inakata sehemu yake miti ikifika miaka kumi au zaidi kidogo, inachoma makaa kwa ajili ya Kinshasa, inapanda mahindi na muhogo kwenye ardhi ileile, na katikati ya mazao mbegu za mwakasia zilizolala ardhini zinaota zenyewe. Mji unapata makaa, mkulima anapata mahindi, na mchanga ambao zamani ulitoa muhogo wa kubahatisha unapata kaboni na naitrojeni. Mwenye Bujumbura akisikia hivyo anatamani kubeba mbegu.

Asiharakishe. Vipimo vya Batéké vinaonyesha pia kwamba chini ya mwakasia udongo unazidi kuwa na asidi. Naitrojeni iliyonaswa ikigeuka nitrati na kuchujwa na mvua, inaondoka na kalisi na magnesi, na nafasi yao inachukuliwa na asidi. Sasa kumbuka udongo wa Mugamba na sehemu za juu za Mumirwa: tayari una asidi kali, na alumini iliyoyeyuka ndani yake inachoma mizizi ya maharage. Tena bakteria wa vinundu wanadai fosforasi, na udongo huu mwekundu unaishika fosforasi kama mdeni aliyekana deni. Halafu udongo uliojaa naitrojeni hutoa oksidi ya nitrasi, gesi inayopasha dunia joto karibu mara 270 ya kaboni dayoksidi kwa uzito uleule. Anayeuza kaboni ya miakasia bila kutaja gesi hii anauza nusu ya hesabu.

Njombe, Tanzania, wana uzoefu mrefu wa jambo hili. Kampuni ya TANWAT ilianzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya miwati, Acacia mearnsii, iliyotakiwa kwa maganda yake ya kutengenezea ngozi. Wakulima wa jirani waliuchukua mti huo wakaufanya wao: miwati kwa miaka kadhaa, makaa, kisha mahindi, kisha miwati tena. Hakuna mradi uliowafundisha kuuita mzunguko wa naitrojeni. Mti huohuo ulipandwa pia Burundi, lakini ulikuja kuzidiwa na mkaratusi, ambao ukikatwa unachipua vizuri, ilhali mwati unategemea mbegu. Kwa mtu mwenye robo hekta, kuchipua bila kununua mche ni hoja inayoshinda kila semina.

Mgrevilea nao usipewe sifa isiyo yake. Unapendwa Burundi nzima, unakaa vizuri na kahawa na migomba, na kivuli chake ni chepesi. Lakini haunasi naitrojeni, na majani yake ni magumu, yanaoza taratibu. Unalinda udongo kwa kuufunika. Anayetaka naitrojeni ya kweli kwenye mteremko ana kaliandra, iliyopandwa kwa mistari ya kukinga maji pamoja na nyasi za malisho, ikikatwa kwa ajili ya mbuzi, na samadi ikirudi shambani. Juu zaidi, kwenye baridi, kuna Alnus acuminata, unaotumia bakteria wa jamii nyingine kufanya kazi hiyohiyo na unaochipua kuliko mwati. Arboreto ya Ruhande huko Huye, Rwanda, iliyoanza miaka ya 1930, inaonyesha umuhimu wa kuchagua: vipande vilivyo jirani, mlima mmoja, mvua moja, historia moja, vimeishia na udongo tofauti kwa sababu ya aina ya mti uliosimama juu yake.

Kuna uvujaji mwingine ambao hauingii katika hesabu ya mti, nao ni moto na maji. Moto wa kiangazi ukipita chini ya miti, naitrojeni ya majani inapaa kwa moshi. Potasi, kalisi na fosforasi zinabaki kwenye jivu. Hili linatokea hata ndani ya imbabura: jivu linalomwagwa Mutakura lina kila kitu cha shamba isipokuwa naitrojeni. Wanawake wanaolima lengalenga mabondeni hulinunua au huliomba, na wanajua kwa nini. Jivu hilo lingetibu asidi ya Mugamba, lakini hakuna lori litakalopanda na jivu.

Maji ni mabaya kuliko moto. Mteremko wa Mumirwa uliofagiliwa majani unapigwa na matone makubwa yanayodondoka kutoka kwenye majani ya juu, na kinachong'oka kwanza ni sentimita chache za juu, zenye kaboni na naitrojeni kuliko zote. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 wakazi wa kaskazini mwa Bujumbura, kuanzia Gatunguru, waliona kile mlima unachoweza kuachia. Zaidi ya watu 60 walikufa na nyumba nyingi za matofali mabichi zilibomoka. Mvua ilikuwa ya ajabu, na mikaratusi peke yake haiwezi kubebeshwa lawama. Ila tope lile lilikuwa udongo wa mtu. Sehemu yake iliishia ziwani, ambako mashapo yanayofunika miamba ya Tanganyika yamepunguza aina za viumbe karibu na pwani.

Mahali tanuru lilipokaa panastahili kutazamwa. Mchoma makaa hupanga magogo, huyafunika kwa majani mabichi na nyasi, kisha hukwangua udongo wa juu unaozunguka akaziba. Duara lote limevuliwa ngozi yake, na katikati pameokwa. Baada ya mwaka, maboga yaliyopandwa pale yanastawi ajabu kwa sababu ya jivu, huku pembeni palipokwanguliwa hata nyasi zinasitasita. Chembe za makaa zilizobaki zitakaa udongoni kwa mamia ya miaka. Ukipeleka maabara udongo wa duara hilo, karatasi inaweza kuandika kaboni nyingi. Mbinu ya kawaida ya Walkley na Black, ya mwaka 1934, inayaona makaa nusunusu tu, kwa hiyo haisemi kweli wala uongo. Na kaboni ya namna hiyo haina naitrojeni ya kumpa mmea.

Serikali ya Rais Pierre Nkurunziza ilianzisha mpango wa Ewe Burundi Urambaye, wa kuvisha nchi miti, na mamilioni ya miche yameatikwa. Jumamosi za kazi za pamoja bado zinapanda. Sipingi kupanda. Tatizo ni kwamba mche unahesabiwa siku unapozikwa shimoni, na udongo hauhesabiwi siku yoyote. Hata miradi iliyofikiria makaa waziwazi, kama EcoMakala ya WWF huko Kivu Kaskazini tangu mwaka 2007, iliyosukumwa na haja ya kuiokoa hifadhi ya Virunga kutoka kwenye majiko ya Goma, husomwa kwa hekta zilizopandwa na magunia yatakayopatikana.

Ningekuwa na fedha moja ya kutumia kwa ajili ya udongo wa Mumirwa, nisingeinunulia mche. Ningeipeleka kwenye tanuru. Mchoma makaa anayetoa kilo 25 kwa kilo 100 za kuni badala ya 15 anapata mfuko uleule wa Mutakura kwa kuni kilo 200 badala ya 330. Zaidi ya theluthi ya miti inaweza kusubiri mwaka mwingine, ikavuka ile miaka ya hasara, na vijitawi ambavyo havikuhitajika vikawa kuni za nyumbani. Hapo ndipo mwanamke wa mlimani anapoweza kuacha jani chini bila kulala njaa. Kumkataza kufagia kabla ya hapo, kama baadhi ya viongozi wa mlimani wanavyojaribu, ni kumwambia apikie hewa. Kijitawi kikavu kina naitrojeni kidogo, kinaweza kwenda jikoni. Jani, na ganda linalobanduliwa baada ya kukata, ndivyo vinavyopaswa kubaki.

Sehemu kubwa ya miti hii huuzwa ikiwa imesimama. Mnunuzi anakuja na watu wake, wanakubaliana bei kwa macho, wanakata, wanachoma, wanaondoka, na hakuna anayetaja maganda wala mahali tanuru litakapokaa. Mwenye shamba ana nguvu siku hiyo moja tu, kabla pesa hazijahesabiwa. Angeweza kudai magogo yabanduliwe palepale na maganda yatandazwe, tanuru lijengwe kwenye duara la zamani badala ya kukwangua mahali papya, na visiki vikatwe chini kwa msumeno, vichipue vizuri. Mnunuzi atapunguza bei kidogo, labda kwa thamani ya siku moja ya kibarua. Hivi sasa masharti hayo hayaandikwi popote, na mtu wa kwanza kuyauliza atachekwa.